Mtambo wa Kusafisha Maji Uliopotea Ait Ugerd

Mtambo wetu wa kusafisha udongo na maji ya ardhini umepotea, ulipotea Jumatatu iliyopita mchana kweupe, hapa hapa kijijini Ait Ugerd, na kabla sijaendelea naomba itifaki izingatiwe: Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, aliyepata udhuru na anawakilishwa na kiti hiki chekundu, Mheshimiwa Mwenyekiti wa wenye mabanda ya plastiki ya kulimia nyanya, wataalamu wangu waliobaki garini kwa sababu kiyoyozi kiko huko, wadau wa udongo, wadau wa chini ya udongo, akina mama, akina baba, na ninyi mliokuja baada ya kusikia kuna biskuti. (Makofi. Sauti: "Ziko wapi?")

Biskuti ziko kwenye mchakato.

Mimi, Abderrafie Benzekkour, Mkurugenzi wa Kanda wa Urejeshaji wa Hadhi ya Udongo na Maji Yasiyoonekana, nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu, na pengine katika bara hili, kutambua kwamba mbolea na dawa za wadudu mnazomwaga kwenye nyanya haziendi mbinguni bali zinateremka kisimani, na nilitambua hivyo mara tu baada ya kuambiwa, pale mjukuu wa Lalla Tlaytmas, kichanga Idder, alipokorogewa maziwa kwa maji ya kisima hiki, midomo ikageuka buluu, akakimbizwa hospitali Agadir. Nililia. Nililia kwa niaba ya ofisi nzima. (Lalla Tlaytmas, amempakata mtoto: "Hukuja hata kumpa pole.") Nililia kwa mbali, Lalla, kiutaratibu.

Ndipo tukaleta mtambo wa tani arobaini, ambao kwa muda mfupi ulisafisha asilimia mia moja na kumi na mbili ya maji yenu, na hizo kumi na mbili zilizozidi ni za kijiji cha jirani, tumewasafishia kama zawadi. (Vicheko.) Msicheke, takwimu zinasikia!

(Ba Lahsen, mwenye pampu ya kisima: "Mheshimiwa, daraja letu halibebi lori la tani kumi. Juzi tu lori la nyanya lilirudishwa lilikotoka. Huo wa arobaini ulipita wapi?")

Swali zuri sana, Ba Lahsen, na linanisaidia, kwa sababu linaonyesha jinsi wezi walivyo hodari: si tu kwamba wameutoa mtambo mahali ambapo hauwezi kutoka, bali wameutoa mahali ambapo haukuweza hata kuingia. Huo ndio uhalifu tunaopambana nao! (Sauti: "Wallahi huyu ana kipaji.") Asante, ndugu.

Naona sasa mnaniletea sinia, birika na jiko, niandae chai mimi mwenyewe. Nimeguswa. Katika baraza la Wasusi, yaani sisi watu wa huku Agadir, sinia hapewi mtu hivi hivi, anapewa mkubwa wa waliopo, nami naipokea heshima hii bila unyenyekevu wowote, kwa kuwa ni kweli. (Makofi marefu.) Natia majani. Natia nanaa. Navunja bonge la sukari kwa mikono hii iliyosaini mradi. Tazameni ninavyomimina kutoka juu, tazameni povu, hilo povu ni maendeleo!

(Ba Lahsen: "Maji ni ya kisimani, Mheshimiwa. Yale yale uliyoyasafisha.")

Naam. (Anaweka birika chini.) Naam, naam.

(Wanawake kwa pamoja: "Onja! Mwandaa chai ndiye anayeonja kwanza!")

Najua mila, mama zangu, nimelelewa na birika mimi. Ila kuonja, kitaalamu, ni programu ya awamu tatu. Awamu ya kwanza ni kunusa. (Ananusa. Anarudisha kichwa nyuma.) Imekamilika kabla ya wakati! Awamu ya pili ni kuitazama glasi kwa jicho shirikishi, na wote mnaona naitazama. Awamu ya tatu inasubiri wafadhili. (Sauti: "Meza tu, baba, si sumu!" Sauti nyingine: "Au ni sumu?" Dereva wake anamletea chupa ya maji ya dukani, anainywa yote.) Hiyo chupa, ndugu zangu, ni kwa ajili ya koo la kazi. Koo langu binafsi liko pamoja nanyi.

Nimalizie. Wafadhili wanafika adhana ya alasiri kuukagua mtambo na kupiga nao picha. Nawashukuru kwa subira mliyoionyesha tangu mradi huu ulipokuwa mchoro ukutani kwangu mpaka leo hii, ambapo ni mchoro ule ule lakini kwenye fremu nzuri zaidi. Udongo safi! Maji safi! (Sauti: "Onja!") Benzekkour daima! (Dereva: "Daima!") Na sasa nataka jibu la moja kwa moja, bila kuzungushana, kabla ya adhana ya alasiri: ni nani kati yenu aliyeiba mtambo ambao sisi wenyewe hatujaununua?

(Lalla Tlaytmas anapita mbele, anamlaza Idder juu ya kile kiti chekundu, anaisukuma ile glasi mpaka ukingoni mwa meza: "Mwanangu Benzekkour, wezi tutakutafutia. Mimi nina kichanga hapa na ana njaa. Kabla ya hiyo hiyo alasiri, kabla hao wageni wako hawajafika, niambie neno moja tu: maji haya ya kisima nimpe, au nisimpe?")