Mimi na Kaka Tulivyobuni Lugha ya Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Chuo kimeleta ratiba ya hafla ya kumkumbuka marehemu kaka, Jumamosi hii. Kurasa nne! Miwani, ndivyo ninavyomwita mwanafunzi wake wa zamani ambaye sasa ni mkuu wa idara, amepewa nusu saa. Ataeleza lugha ya kompyuta aliyoibuni kaka, na jinsi lugha za baadaye zilivyoiga tabia zake. Familia tumeandikiwa hivi: "kusimama na kupunga mkono." Kupunga! Kana kwamba tunaaga basi. Nimekula naye sahani moja miaka kumi na minane. Nataka dakika tano tu za kumzungumzia kaka yangu, si yule mheshimiwa wao.

Nimempigia Miwani. Kasema kwa upole kwamba watakaozungumza ni wale waliofanya kazi kwenye lugha yenyewe. Haya. Nimewaandikia barua kwamba tuliibuni wawili. Mimi ni fundi cherehani, lakini karatasi haibishi.

Jumanne, 4 Machi
Jibu limekuja kabla sijamaliza chai. Wamefurahi! Dakika tano zangu. Ila wanaomba niandike programu fupi kwa mkono wangu, kwenye skrini kubwa, wageni wote waone. Chai ikapita njia isiyo yake. Shemeji, mjane wa kaka, kaniuliza nimepatwa na nini. Nikasema mafua.

Jumatano, 5 Machi
Kwa binti wa kaka, anayezijua kompyuta. Amecheka hadi akakaa chini. Eti, "Baba mdogo, wewe hata simu unaizima kwa kung'oa betri!" Kweli. Lakini si inazimika? Nimemwambia sitaki kuelewa, nataka kukariri. Kanipa mistari sita, ya kuhesabu moja hadi kumi. Nimeishika kama vipimo vya mteja: bega, kifua, kiuno.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekariri huku nashona. Mstari wa tatu unasema rudia. Nimerudia. Mteja amepata suruali yenye mifuko mitano.

Jioni Miwani kapita kunisalimu. Nyoka! Kauliza sehemu ipi ya lugha ilikuwa kazi yangu hasa. Nikasema mapindo. Hakucheka. Akaandika kwenye daftari, na hilo ndilo lililoninyima raha.

Jumamosi, 8 Machi
Ukumbi umejaa. Miwani kasema nusu saa yake, vizuri mno, sikumpenda. Kisha mimi. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Nikainua macho, nikaona picha ya kaka ukutani. Ananitazama vile alivyokuwa akinitazama nikikata kitambaa kinyume. Vidole vikapotea. Nikabonyeza tu.

Namba hazikuja. Yakaja maneno makubwa kwenye skrini: "Mstari wa tatu sijauelewa. Nieleze tena, polepole."

Kicheko. Nami nikaijibu mashine kwa sauti: hata mimi sijauelewa, ndugu yangu.

Nikaishiwa uongo. Nikawaambia sikubuni chochote. Kaka alikuwa akija dukani kwangu jioni, anakaa juu ya gunia la vipande, ananisomea amri zake mojamoja. Nikishindwa namwambia maneno hayohayo: sijaelewa, nieleze tena, polepole. Anafuta, anaandika upya. Mimi nilidhani ametoroka kelele za nyumbani, anataka mtu wa kupiga naye soga. Wakati mwingine alinishikia mkasi.

Miwani akasimama, miwani mkononi. Kasema kaka aliwapa sharti moja darasani: amri ambayo fundi cherehani hawezi kuielewa, isiingie kwenye lugha. Miaka yote walidhani huyo fundi ni wa mfano. Kasema lugha zilizofuata zilichukua hilo kwanza, kumweleza mtu kosa lake bila kumtukana. Kisha akanishika mkono, akaniita mwalimu wake. Yule nyoka! Mkono wake una joto.

Shemeji alilia. Mimi kidogo tu, kwenye mkono wa koti. Dakika tano zikawa ishirini, hakuna aliyenikatiza. Nimewasimulia hata jinsi kaka alivyokuwa akivua kiatu kimoja tu anapofikiri.

Jumapili, 9 Machi
Binti wa kaka amekuja kunituliza. Kasema bila shaka nimejifunza, maana ukweli peke yake ungetosha tangu Jumatatu. Nikasema kabisa, mwanangu. Sirudii.

Alipoondoka nimesoma barua ya shule ya jirani. Wamesikia habari za jana, wanatafuta mwalimu wa kompyuta kuanzia kesho saa mbili. Nimewajibu kwamba nina uzoefu wa miaka thelathini. Nimeongeza na fizikia, kwa kuwa nafasi ilibaki kwenye karatasi.