Anord wa Mgwashi na Kengele ya Hekalu

Teremsheni masufuria, enyi watu wa milimani, na mwenye jembe alichomeke ardhini, kwa maana habari hii haisikilizwi na mtu anayefanya jambo jingine. Nitawasimulia juu ya Anord mwana wa Sefania, Bwana wa Kamba, Mwamshaji wa Mgwashi, mtu aliyenyimwa kimo akapewa mkono, na vita alivyopigana peke yake na kengele ya Wahindu.

Kwa miaka thelathini na mmoja Anord alivuta kamba ya kengele ya usharika, na hakuna Mluteri wa mabonde yale aliyetia mguu kanisani bila kuitwa naye. Aliita ibada kwa mapigo ya haraka, na msiba aliutangaza kwa pigo moja moja, zito, lenye kimya kirefu nyuma yake. Kisha wazee wa kanisa wakanunua kipaza sauti chenye mlio wa kengele ndani yake, ukibonyeza kinalia, na shujaa wetu akashukuriwa kwa chupa ya chai na makofi. Tangu siku hiyo mkono wake ulikaa tu juu ya meza kama mgeni asiyejua aage lini. Swali moja likawa linamla: je, mkono huu bado unaweza kuita watu wakaja?

Ndipo Khalfani, mfanyabiashara anayepandisha chumvi na sabuni, alipomletea habari kwamba huko bondeni, njia ya Korogwe, lipo hekalu kubwa la Wahindu ambako kila aingiaye huipiga kengele kwa mkono wake mwenyewe, wala mgeni hakatazwi.

"Mluteri mzima unakwenda kwa Wahindu?" akauliza mkewe, Eliza.

"Mama Kristian," akanena Anord, kifua mbele, "siendi kuabudu. Mungu wangu namjua na yeye ananijua. Naiendea kengele, na fundi haiulizi shaba ni ya dini gani!"

"Haya. Usisahau sweta."

Akashuka peke yake, na sweta lake, hadi kwenye joto la bondeni. Na tazama, hekalu! Ngazi za marumaru nyeupe, nguzo zilizochongwa tembo na maua, harufu ya ubani hadi barabarani. Anord akasimama getini asikilize kwanza, kama ilivyo desturi ya mafundi. Kengele iliyoning'inia mlangoni ikalia mara moja, ikanyamaza. Maneno ya Khalfani yakamtoka; akavua kofia, akainamisha kichwa. Baada ya kitambo ikalia tena mara moja. Akavua tena. Kabla ya saa nne alikwisha kuzika watu saba moyoni mwake, akaanza kuwahurumia Wahindu kwa kwisha kasi namna ile.

Mlinzi wa geti, Rashidi, mtu wa Bungu huko huko milimani, akashindwa kuvumilia. "Shikamoo, mzee. Mbona kila mara unavua kofia?"

"Marahaba, mwanangu. Nawapa pole wafiwa. Ni ugonjwa gani umewaingia hawa?"

Rashidi alicheka hadi akaliegemea geti. Kwa lafudhi ile alikwisha kumjua kuwa ni wa kwao, akamwita tate, kama Msambaa amwitavyo babaye. "Hakuna aliyekufa, tate! Anayeingia anagonga mara moja, Mungu ajue amefika. Karibu nawe. Ila viatu acha hapa."

Ole wake! Kwa jicho la kitaalamu Anord alikuwa ameshapima kwamba, akiwa ndani ya mabuti yake yenye soli nene, vidole vingeufikia ulimi wa kengele kwa shida. Bila mabuti alipungukiwa na upana wa vidole viwili, na falme zimepotea kwa pungufu ya hapo.

Akashambulia mara ya kwanza kwa kuchuchumia, mbavu zikamlia, kengele isitikisike. Akashambulia mara ya pili kwa kuruka. Mzee wa miaka sitini na tisa akaruka juu ya marumaru, soksi zikamsaliti, akatua kwa makalio mbele ya kina mama waliobeba sinia za maua. "Pole, baba," wakasema. Binti wa miaka minne hivi akanyanyuliwa na babaye, akagonga, akateremshwa, kisha akamtazama shujaa kwa huruma kubwa.

Rashidi akavua viatu vyake, akaja. "Tate, njoo nikubebe."

"Mimi?" akanguruma Anord kutoka sakafuni. "Nibebwe kama mtoto wa ubatizo mbele ya mataifa? Miaka thelathini na mmoja kengele imenitii nikiwa nimesimama kwa miguu yangu!"

"Basi rudi Mgwashi ukaseme hukuipiga."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Alikuwa amechoka na aliona aibu, na bado aliitaka kengele ile.

"Shika vizuri," akasema kwa sauti ya chini. "Goti la kushoto ni bovu."

Akapaa! Akaketi mabegani mwa Rashidi, akaushika ulimi wa shaba. Ruhusa ilikuwa pigo moja, lakini mkono ule haukujua kupiga moja pasipo maiti. Ukapiga mwito wa Jumapili. Ukapiga kwa kasi, kwa mpangilio, bila kukosea hata pigo, njiwa wakatawanyika toka juu ya kuba.

"Mara moja, tate! Mara moja!" akalia Rashidi huko chini.

"Msiba haupo!" akajibu Anord, na akaendelea.

Na watu wakaja. Wapishi wakatoka jikoni mikono ina unga. Wazee wakatoka uani. Kuhani mwenyewe akaja mbio, akasimama chini ya mtu yule mwenye sweta aliyekuwa juu hewani.

"Mzee wangu, kuna nini? Unatuitia nini?"

Anord akauachia ulimi wa kengele. Machozi yalikuwa yakimtiririka, wala hakuyafuta.

"Nilitaka kuona kama mtakuja," akasema.

Kuhani akageuka, akawatazama watu waliojaa nyuma yake.

"Tumekuja," akasema.

Basi na iandikwe popote yaandikwapo mambo makuu ya wanadamu: siku ya Jumanne, saa nne na nusu asubuhi, mtu wa Mgwashi aliita akiwa mabegani mwa mtu wa Bungu, na Wahindu wakaja, na Waislamu wa barabarani wakaja, na muuza machungwa wa ng'ambo ya barabara naye akaja, kisu bado mkononi, chungwa moja limemenywa nusu.