Safari ya Kumshinda Filimoni

Jumatano, 8 Oktoba. Suva.

Shangazi kapiga simu. Bibi Taraivini amekubali, hatimaye, kuhama kisiwani na kwenda kuishi naye Nausori. Magoti yamegoma. Ana miaka themanini na minne na ngazi tano za mlangoni zimemshinda. Jumapili hii, baada ya ibada, atatamka mbele ya ukoo nani abaki na nyumba.

Nyumba ile! Mlango unatazama bahari, upepo unaingia huku na kutokea kule. Mimi Emosi nilizaliwa mle ndani, juu ya mkeka. Nimekwisha kuchagua rangi ya mapazia. Nimenunua na kufuli la shaba. Kila wikiendi nitakuwa kisiwani, nimelala chali, sina mtu wa kuniuliza lolote.

Kikwazo ni kimoja. Binamu yangu Filimoni. Marehemu mama yake alikuwa dada wa baba yangu, kwa hiyo sisi ni watani tangu tunatambaa. Anaishi pale pale kijijini Vunitavola, hatua ishirini kutoka kwa Bibi. Silaha yake ni kerekere. Ndugu akikipenda kitu chako anasema kerekere, nawe unatoa. Hukatai. Anayekataa husemwa yeye, watoto wake na kuku wake. Filimoni amekwisha kunila tochi, redio, jozi tatu za viatu, na tai niliyoivaa siku ya harusi yangu, kabla ya picha!

Safari hii nimejipanga. Nimemnunulia Bibi kiti cha kubembea. Kwa ajili ya magoti. Akikaa tu, nyumba yangu.

Mke wangu Unaisi anasema niende nikamsalimie bibi yangu kama binadamu, niache hila. Hanielewi. Ijumaa ni Siku ya Fiji, mapumziko. Jumatatu nimemwambia bosi nang'olewa jino.

Ijumaa, 10 Oktoba. Vunitavola.

Basi, kisha feri. Kiti nilikifunga kwa magunia mawili nikaandika kwa rangi nyekundu: VYUMA CHAKAVU. Hakuna mtu duniani anayeomba vyuma chakavu. Nilijipongeza njia nzima.

Gatini, nani anatusubiri na lori la kuazima? Yeye. Kanenepa. Kanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Akaniambia nimezeeka, nimekuwa na shingo ya kasa. Nikamwambia yeye ana tumbo la mwenye duka na hana duka. Watu wote wa lorini wakacheka. Nilianza vizuri.

Tatizo ni barabara. Kila shimo, magunia yalibembea. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Filimoni aliyatazama kwa muda mrefu.

"Binamu, vyuma chakavu vya Suva siku hizi vinacheza ngoma?"

Nikasema ni upepo. Akasema kerekere, binamu, hivyo vyuma vyako. Lorini kulikuwa na watu kumi na mmoja, na mmoja ni mke wa mchungaji. Nikasema chukua. Nilitabasamu. Meno yaliniuma kweli.

Bado nilikuwa na matumaini kwamba hatakifungua upesi. Lakini mgeni akifika hana budi kwenda kwanza kwa wazee na fungu lake la mizizi ya kava, ile ya kutengenezea kinywaji cha heshima, akae, apige makofi, asikilize maneno ya kukaribishwa. Siku hiyo wazee walikuwa na maneno mengi. Nilipotoka, Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, anabembea, analia kwa furaha, na Filimoni amesimama pembeni kama aliyekichonga mwenyewe.

Bibi akaniuliza nami nimemletea nini. Nikasema nimejileta. Akasema vizuri, ila nivue kofia. Kijijini hakuna mtu anayetembea na kofia kichwani. Nilijua. Nilisahau! Filimoni akanisaidia kuivua. Hajairudisha.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Nimeamka na wazo zuri sana. Kwa nini yeye tu ndiye aombe? Hata mimi nina mdomo! Nitamwomba kitu chake anachokipenda kuliko vyote. Akisita, kijiji kizima kitajua ni bahili, na Bibi hampi bahili nyumba.

Asubuhi nikamfuata zizini, nikahakikisha kuna mashahidi. Ana nguruwe mmoja, mkubwa, mweupe, anamkuna mgongo kwa gunzi la hindi kila siku. Nikasema kwa sauti, kerekere, binamu, huyo nguruwe.

Hakusita hata kidogo! Alifurahi! Akamfunga kamba akanikabidhi, akaniombea safari njema, akasema sikujua unampenda hivyo, binamu, ungesema mapema. Mkewe Mereoni akaja kumuaga nguruwe. Akaniuliza, shemeji, kwenye feri atakaa wapi, na pale Suva ghorofa ya pili atapandaje ngazi? Nikasema nimelifikiria hilo. Sikuwa nimelifikiria.

Saa nzima nilivutana na yule mnyama. Nilianguka mara nne. Alinivuta mpaka kwenye bustani ya mchungaji tukala migomba yake miwili, yaani yeye ndiye aliyekula. Hapo akatokea msimamizi wa karamu ya Jumapili. Watu watakuwa wengi kumuaga Bibi, akasema, na nyama haitoshi. Akamtazama nguruwe. Akanitazama mimi, na matope yangu.

Kerekere.

Sijawahi kutoa kitu kwa haraka namna ile. Sasa kila ninapopita watu wananipigia makofi. Emosi katoa nguruwe mzima! Filimoni anapiga makofi kuliko wote.

Mchana nikaenda kwa siri kupima mlango wa Bibi kwa ajili ya kufuli. Hakuna pa kuliweka! Mlango ule haujawahi kuwa hata na komeo, unafungwa kwa kamba ya nazi mvua ikija. Nilikuwa nimepiga magoti, kufuli mkononi, nikasikia mtu anapumua nyuma yangu.

"La nini hilo, binamu?"

Nikasema la kuzuia wezi.

"Mwizi? Hapa mwizi ni nani zaidi yangu?"

Kacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaliangalia kufuli, akaniuliza kama kweli nitaifunga nyumba. Nikasema nyumba ni ya mtu mwenyewe. Hakutania. Kitu cha ajabu. Alisema tu kwamba kila asubuhi kwa miaka tisa amefungua ile kamba akampelekea Bibi maji, na hajui mikono yake itafanya nini Jumatatu. Nikatazama miguu yangu.

Kisha akasema kerekere, hilo kufuli. Jioni nimeliona limefungwa kwenye wavu wake wa samaki. Linazama vizuri, anasema.

Pia kachukua shati langu la kanisani. Kesho ndiye anayesoma Maandiko. Kanipa lake. Lina kifungo kimoja.

Jumapili, 12 Oktoba.

Niandike taratibu.

Kanisani nilikaa nimefumbata shati kwa mikono miwili. Filimoni alisoma vizuri mno, shati langu likang'aa, akinamama wakaitikia. Nilifanya hesabu zangu kichwani: kiti ni chake, shati ni lake, sauti ni yake. Nimekwisha.

Baada ya ibada tukakaa kwenye mikeka mbele ya nyumba. Nguruwe alitoka kwenye mawe ya moto ananukia, magimbi, majani yake kwenye tui la nazi, samaki. Nilikula kwa uchungu. Nilikula sana.

Kisha Bibi akapandishwa kwenye kiti. Akasema yeye ni mzee lakini hajasahau utaratibu. Nyumba hii ilijengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe, na itabaki kwa watoto wa mwanawe. Kwa hiyo anampa Emosi.

Mimi!

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilisimama, kifungo kikaruka. Nilikuwa na hotuba ya kurasa mbili kuhusu mlango, bahari na mkeka niliozaliwa. Nikaanza. Nikafika penye mvua iliyonyesha siku ile.

Filimoni akasogea mbele juu ya mkeka. Hakusimama. Alikunja miguu, akainamisha kichwa, akapiga makofi matatu ya polepole, kama mtu anayeomba mbele ya chifu. Hakutabasamu. Nyuma yake alikaa Mereoni na watoto wao watano, na nyuma yao kile kijumba chao ambacho kimbunga kilichukua nusu ya paa, na nusu hiyo mpaka leo ni turubai.

"Kerekere, binamu. Nyumba."

Nilimtazama Bibi anisaidie. Bibi alikuwa anatazama bahari kama hajawahi kuiona.

Nilijiambia, sema hapana. Emosi, safari hii sema hapana. Neno moja tu! Nikakumbuka mapazia. Nikafungua kinywa. Nikasikia sauti ya mtu inasema chukua, binamu, chukua, ingieni leo hii hii, watoto wasilowe tena. Sauti ilikuwa yangu.

Kelele zilizolipuka! Mereoni alinikumbatia akalia kwenye shati lisilo na kifungo. Filimoni hakuweza kusema kitu, na hilo sijawahi kuliona maishani. Wazee walipiga makofi. Watoto walikimbilia ndani, wakatokea mlango wa pili, wakarudi tena, wakazunguka hivyo mpaka wakaanguka. Na mimi nilifurahi. Sijui kwa nini. Nilifurahi kupita kiasi, nikacheza, nikajikasirikia huku nacheza.

Jioni kabla ya taa kuwashwa Bibi aliniita. Akanishika sikio kama zamani. Akasema angempa Filimoni nyumba yeye mwenyewe, watu wa upande wa baba yangu wangenung'unika mpaka siku ya kumzika, maana Filimoni ni mtoto wa binti. Lakini mwenye haki akitoa kwa mkono wake, nani atafungua mdomo? Alikuwa anaogopa kitu kimoja tu, mlango wake kufungwa.

"Nilijua haitakaa mkononi mwako, mjukuu wangu. Lakini nilidhani utamaliza hotuba."

Nikamuuliza je, ningekataa? Alicheka mpaka kiti kikabembea chenyewe. Akasema tangu nina miaka mitatu sijawahi kumkatalia mtu kitu, ndiyo maana hajawahi kuniogopea. Nikambusu mkono. Nikajifuta macho, nikasingizia moshi.

Jumatatu, 13 Oktoba. Suva.

Nimerudi. Mabega yamekufa. Walinipakia mafungu mawili ya magimbi, kaa walio hai ndani ya kikapu, na mkeka aliousuka Mereoni. Feri nzima ilinitazama. Nilisimama mbele kabisa nikiutazama mji unavyokuja, nikapitia mambo yote upya kwa akili iliyotulia.

Na nimegundua kitu. Nimeshinda! Paa likivuja, la Filimoni. Nyasi zikiota, za Filimoni. Mimi nitafika kila wikiendi, nitapikiwa, nitalala pale penye upepo, na kijiji kizima kitasema huyo ndiye Emosi aliyetoa nyumba. Mpango wangu ulikuwa huu tangu mwanzo. Ni vile tu sikuwa nimeambiwa.

Nilimweleza Unaisi. Akaniuliza kiti kiko wapi, kofia, shati, kufuli, nguruwe, nyumba. Nikamjibu moja moja kwa utulivu. Alikaa chini sakafuni akacheka, kaa mmoja akatoroka kikapuni, hakujali. Aliponyanyuka alinishika mashavu akasema ameolewa na mtu mzuri kuliko mtu huyo mwenyewe anavyojijua. Naona na yeye anaanza kunielewa.

Filimoni amepiga simu saa hizi. Wanakuja Jumamosi, wote saba, kunishukuru, watakaa siku mbili au tatu. Anasema niwe tayari. Nitakuwa tayari! Safari hii uwanja ni wangu. Ana boti mpya ya mbao ya futi kumi na nane, anaipenda kama roho yake. Akivuka tu kizingiti, kabla hajaketi, mimi ndiye nitakayeanza: kerekere, binamu, boti.

Unaisi anauliza boti itakaa wapi, sisi tuko ghorofa ya pili, mlimani, bahari haionekani hata kwa dirisha la chooni.

Nimepima sebule. Tukitoa makochi na kabati, ikakaa kimshazari, pua ikatokeza barazani, inaingia.