Sevilla kwa Miguu, Kuanzia Lidcombe

Jumamosi, 2 Oktoba 2021
Mipaka inafunguliwa mwezi ujao! Serikali imetangaza jana. Miezi mitatu na ushei tumefungiwa na korona humu Lidcombe, mtaa wetu wa ughaibuni: mimi, mke wangu Muna, Afnan wa miaka kumi na mmoja na Suhaib wa miaka sita. Leo jirani yetu Mbuvi kachungulia juu ya uzio kunijulisha kwamba Desemba anapeleka familia Roma. Roma! Nikamjibu hapo hapo kwamba sisi tunakwenda Hispania. Miji minne. Nilipomaliza kusema ndipo na mimi nilipojua kwamba tunakwenda Hispania.

Jumapili, 3 Oktoba
Ratiba tayari. Madrid, Sevilla, Granada, Barcelona. Siku nane. Tutakula ndani ya treni. Muna sijamwambia. Anauguza wazee kwenye makao yao, siku sita mfululizo, akirudi analala na viatu. Nataka ashtukie tu jambo la furaha. Watoto nimewaapisha. Afnan kauliza, kwa Kiingereza, kama hoteli ina bwawa la kuogelea. Nikamwambia Hispania ni historia. Karudi kwenye simu yake.

Jumatano, 6 Oktoba
Balaa! Nilisoma kwamba safari za watoto huharibika kwa sababu hawajazoea kutembea. Basi mazoezi. Masomo ya kwenye kompyuta yalipokwisha tukavaa barakoa, wao na mabegi, mimi na masanduku mawili. Bustani ikawa Madrid. Stesheni ikawa Sevilla. Hapo Suhaib akaketi chini, akasema Sevilla imemchosha. Nikiwa nambembeleza, polisi wawili. Wakauliza kwa upole tunakwenda wapi na masanduku ilhali watu wamekatazwa kusafiri. Nikasema tunanyoosha viungo. Wakafungua sanduku. Taulo na matofali manne. (Ya uzito. Nani asiyejua?) Yule polisi wa kike akamgeukia Suhaib. Suhaib, kwa sauti ya kusikika hadi mtaa jirani wa Auburn, akasema tunakwenda Hispania na mama haambiwi.
Mama ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye treni.

Alhamisi, 7 Oktoba
Muna hakugomba. Bora angegomba. Aliketi mezani, akaniuliza: "Saif, mama yangu amemgusa Suhaib lini?"
Hajamgusa. Mtoto kazaliwa hapa, bibi yake yuko Tanga, wanaonana kwenye simu tu. Mwaka jana tulikuwa na tiketi, mipaka ikafungwa.
"Kazini nashika mikono ya mama za watu," akasema. "Wangu namshika kioo."
Nikatoka nje kumwagilia maua. Hatuna maua.

Jumatatu, 11 Oktoba
Tumefunguliwa! Foleni ya kinyozi inafika barabarani. Nimemkuta Mbuvi humo, nikamwambia Hispania basi, tunakwenda Tanga. Nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Kasema hata Roma ilimponyoka tu mdomoni, na mkewe Nkatha alishaamua zamani kwamba ni kwao Meru. Tukatazama viatu vyetu. Nilimpisha anyolewe kwanza.

Jumatatu, 1 Novemba
Tiketi za kwenda Tanga zimekatwa, tunaondoka shule zikifungwa tu. Muna anaimba jikoni. Mimi nimekuwa mtu mpya. Namfikiria mwenzangu kabla ya kupanga neno. Ndiyo maana nimemwandikia shemeji yangu wa kule Tanga kwa siri ampeleke mama mkwe akapige picha ya pasipoti. Bibi wa watu hajawahi kutoka Tanga! Wiki moja ya kumshika Suhaib inamtosha. Ya pili tunampakia, tunakwenda sote Granada. Ana goti bovu, lakini kiti cha magurudumu kinaingia kwenye treni, nimeshaulizia. Ratiba ni ile ile, siku sita tu badala ya nane. Shemeji kaapa hamwambii mtu.
Simu ya Muna imelia jikoni, naye ameacha kuimba. Ananiita kwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu.