Mshale Uliokaa Katikati

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeaibishwa na mshale. Mshale! Kijiti chekundu kisichofika hata urefu wa kidole. Kimepanda hadi mwisho wa geji ya joto, pikapu ikafuka mvuke katikati ya kituo cha mafuta, watu wakakimbia na ndoo. Mashahidi: muuza mafuta, waosha magari wawili, na shemeji. Bila shaka shemeji! Huyu kaka wa mke wangu sijui hupewa taarifa na nani. Kila nikiumbuka, yupo.

Naye ana pikapu ya dizeli, kuukuu kama yangu, hata rangi ni ile ile. Yake haichemki. Akashusha kioo, akasema pole shemeji, akanipa chupa yake ya maji. Maji ya kunywa, nusu lita! Rejeta yangu inameza ndoo nzima. Kejeli tupu.

Na wiki yenyewe ndiyo hii. Chama cha wafugaji kinatafuta gari la kupandisha maziwa kila asubuhi, kutoka bondeni hadi kituo cha kupozea kule juu mlimani. Tumebaki wawili tunaoiwania kazi hiyo. Mimi na nani? Haya. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu, mama asiyecheka ovyo, ametangaza kwamba atapanda na kila mmoja wetu: Alhamisi shemeji, Ijumaa mimi. Atakaa kiti cha mbele na kuutazama mshale wa joto kwa macho yake. Gari likichemka njiani, maziwa yanachacha, basi, kwaheri.

Mke wangu ameshasema lake. Nikiikosa kazi hii, Jumamosi anamwita mnunuzi wa chuma chakavu. Gari la marehemu baba! Baba aliliendesha miaka kumi na tisa bila geji yoyote. Alikuwa akimaliza kilima anasimama, anaweka kiganja juu ya boneti, anajua. Leo liwe chuma chakavu? Nimesusa chakula cha jioni. Baadaye nikakila, lakini kwa hasira.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi. Huyu mtu husikiliza injini kwa bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni, macho kafumba. Akasema injini nzima kabisa, ila mpira wa chini wa rejeta umechoka na unavuja. Nibadilishe huo tu.

Nikamwambia sikuja kwa ajili ya mpira. Nimekuja kwa ajili ya mshale. Nataka usipande.

Akaniangalia. Akasema mshale hauna kosa, geji inapima maji, haipimi chuma, na siku maji yakiisha kabisa... Nikamkatiza hapo hapo. Kila fundi ana hotuba! Nikamwambia mimi si mwanafunzi wake. Akainua mabega, akarudi kwenye chai yake.

Mpira nimeufunga mwenyewe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mizunguko sita. Mkono wa mwanamume.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mwenyekiti anataka kuona mshale? Atauona! Nimefungua kioo cha geji, nimeusogeza mshale hadi katikati, ule mstari wa heshima, nimeubandika kwa gundi kali. Sasa hata mlima uwake moto, mshale hautikisiki.

Nimebandika pia kidole gumba kwenye dashibodi. Nusu saa nzima. Mke wangu alikuja na maji ya moto, akanibandua, akarudi jikoni. Angenitukana ingekuwa afadhali!

Lakini mimi si mjinga. Dereva lazima ajue joto la kweli. Kwa hiyo nimenunua geji ya pili, nimeifunga chini ya kiti changu na kuifunika kitambaa. Ya juu ni ya mwenyekiti, ya chini ni yangu. Pesa ilitosha geji au mpira mpya, si vyote viwili. Mtu mwenye akili haulizi.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amepanda na kushuka. Mshale haukupita nusu. Mwenyekiti amemsifu mbele ya wafugaji, nikapiga makofi pamoja nao, viganja vikiniuma kwa chuki.

Jioni akaja nyumbani kunishauri. Eti kila asubuhi kabla ya kuwasha hufungua boneti, huangalia maji, huipapasa mipira. Hiyo ndiyo siri yake yote. Muongo! Mchoyo! Ananificha siri yenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mke wangu akamwongezea chai.

Kisha akatoa jingine: mwenyekiti amemwagiza anifuate nyuma kesho na gari tupu, endapo. Endapo nini? Nimemuuliza mara tatu, endapo nini! Akasema endapo tu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika yote, watoto wangu wajue baba yao alivyoonewa.

Saa kumi na mbili asubuhi. Madumu ishirini ya maziwa nyuma. Mwenyekiti akapanda, akafunga mkanda, akavaa miwani, akautazama mshale. Akauliza mbona uko katikati na gari halijawashwa. Sikulitarajia swali hilo. Nikasema magari ya zamani yana nidhamu, hujiandaa mapema. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kilima cha kwanza. Nikainama kuchungulia geji ya chini. Imepanda kidogo. Akauliza natafuta nini. Nikasema nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Kilima cha pili. Geji ya chini imepanda sana. Nikatumia ujanja wa madereva: nikafungulia hita ya ndani mpaka mwisho, inyonye joto la injini. Upepo wa moto ukatupiga usoni. Mwenyekiti akatoka jasho, akavua kilemba, akauliza kama nina wazimu. Nikasema ni kwa ajili ya kifua, asubuhi huku kuna baridi. Akasema kifua chake hakijawahi kuniomba kitu.

Kilima cha tatu, kile kirefu. Geji ya chini imegonga mwisho. Moyo nao umegonga mwisho. Nikamwona baba. Nikaona mizani ya chuma chakavu. Nikasema, ee gari, leo tu, usiniumbue!

Likanisikia! Nilipoinama tena, mshale wa chini ulikuwa unashuka. Robo tatu. Nusu. Robo! Na hita, iliyokuwa inapuliza moto, ikaanza kupuliza hewa baridi. Mwenyekiti akasema Mungu ni mkubwa. Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia gari la mzee halijawahi kushindwa na kilima. Kwenye kioo nikamwona shemeji akiniwashia taa na kupiga honi kama mwehu. Wivu! Mwenye wivu ajinyonge. Nikakanyaga mafuta.

Mwenyekiti akasema ananusa kitu kinaungua. Nikasema ni gari la shemeji. Akasema gari la shemeji liko nyuma na upepo unatoka mbele. Walimu hawa!

Ghafla, kelele ya chuma kusaga chuma. Kisha kimya. Tukasimama katikati ya kilima.

Shemeji akafika mbio. Akaniambia barabara nzima kuanzia kilima cha pili ina mstari wa maji yangu. Tyubu ya baiskeli ilikuwa inaning'inia chini ya rejeta. Mizunguko yote sita. Kwenye rejeta hakuna hata tone.

Madumu ishirini yakahamia kwenye gari lake. Na mimi nikabeba, kwa mikono yangu! Hakuna lililochacha. Kabla hajapanda gari la shemeji, mwenyekiti alirudi, akachungulia dirishani kwangu. Injini imekufa, boneti inafuka, na mshale uko katikati, umetulia. Akagonga kioo cha geji kwa ukucha. Mara mbili. Akaandika kwenye daftari mstari mmoja mrefu.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja na bisibisi yake, akasikiliza, akaitoa sikioni. Hakuna cha kusikia. Injini imekaba, haizunguki tena, kichwa cha silinda kimepasuka. Kisha, bila haya, akamalizia sentensi yake ya Jumanne: siku maji yakiisha kabisa, geji inabaki inapima hewa, mshale unarudi kwenye baridi huku chuma kinaungua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia! Akasema alikuwa njiani kuniambia.

Saa nne mnunuzi wa chuma chakavu akaja na mnyororo. Mke wangu alisimama mlangoni, akasema sikio la kufa halisikii dawa, kisha akaingia ndani. Nilijua analia, kwa sababu alianza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Hata yeye aliletwa kwangu siku ya harusi kwa gari lile.

Wakati linavutwa nikalifuata hadi barabarani, nikaweka kiganja juu ya boneti, kama baba. Baridi. Nilikasirika hadi machozi yakatoka. Nimekasirika na fundi, na shemeji, na muuza tyubu. Geji ya juu niliing'oa kabla halijaondoka. Iko mezani hapa. Katikati.

Jumatatu, 17 Machi

Nimepata kazi. Si ya kuomba! Shemeji alinibembelezea kwa mwenyekiti nyuma ya mgongo wangu. Sasa ana kazi ya maziwa na shukrani ya mke wangu, na mimi nina deni la fadhila. Anajua kuumiza mtu.

Nipo kituo cha kupozea. Nimepewa kiti, kalamu na daftari. Mbele yangu kuna tangi kubwa la maziwa, na kwenye tangi kuna geji. Mwenyekiti alinielekeza mwenyewe, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza: mshale ukae kwenye nyuzi nne, niuandike kila saa, ukivuka sita nipige kengele, mtambo ukaangaliwe. Akaniuliza kama nimeelewa. Mimi! Mtu aliyewahi kuendesha gari lenye geji mbili!

Saa tatu: nne. Saa nne: nne. Saa tano: tano. Saa sita: tano na nusu. Huyu mshale ana kiburi. Saa saba ukagusa sita, nami nikaona kabisa jinsi itakavyokuwa: nipige kengele, waje mbio, shemeji awe wa kwanza kufika, aseme pole.

Hapana. Safari hii sikurupuki, nimejifunza. Kosa la mwanzo lilikuwa geji ya pili, ndiyo iliyonichanganya. Mtu anatakiwa awe na geji moja tu, aiamini.

Kioo cha hii kinafunguka kwa skrubu mbili. Na ile chupa ya gundi ninayo mfukoni, imebaki nusu.