Jinsi Nilivyoihamisha Transfoma ya Mukurweini

Jumatatu, 3 Aprili 1978

Siku kubwa! Naandika kwa Kiswahili, maana mambo ya stima ni mambo ya taifa.

Baraza la chifu leo. Kituo chetu cha stima kitapanuliwa! Sababu ni tangi la kupoza maziwa la sosaiti, chama chetu cha ushirika. Tangi zuri sana, lakini transfoma iliyopo haiwezi kulibeba pamoja na soko. Tangi likiwashwa, kinu cha unga kinazima. Kinu kikiwashwa, maziwa yanachacha. Sosaiti ikakata shauri: itapokea maziwa ya asubuhi tu. Wakonyo, mke wangu, ana ng'ombe watatu, na kila jioni ana hasira.

Sasa transfoma ya pili inakuja, kubwa kuliko ya kwanza. Inataka robo eka nje ya ua wa kituo. Mashamba mawili tu yanapakana na ua huo: langu na la Gatimu. Mkubwa wa mafundi wa stima, Bwana Moffat wa Nyeri, atakuja Alhamisi ya wiki ijayo kukamilisha mambo. Mwenye shamba atapata fidia, ataingiziwa stima nyumbani kabla ya mtu mwingine, na jina lake litaandikwa kwenye kibao cha kituo.

Kibao! Gatimu ni rika langu, tulitahiriwa siku moja, na tangu siku hiyo yeye hutangulia. Wa kwanza kununua ng'ombe wa gredi. Wa kwanza kuezeka mabati. Jina lake limechorwa kwenye josho la ng'ombe. Jina langu liko kwenye kitambulisho tu. Safari hii ni zamu yangu mimi, Kingori.

Jumanne, 4 Aprili

Nimelikagua shamba langu la juu, lile la kando ya ua. Aibu tupu. Nyasi fupi na mawe matatu. Hata mbuzi hulipita bila kugeuka. Mtu mkubwa hawezi kuweka mashine ya serikali mahali pasipo na heshima. Shamba linataka kuvishwa.

Niliwaza mpaka chai ikapoa. Kahawa! Bei ya kahawa imewafanya wazee wa hapa wanunue malori. Moffat akikuta kahawa kwangu na nyasi za ng'ombe kwa Gatimu, atajua mara moja mwenye hadhi ni nani.

Nikamweleza Wakonyo. Akasema yeye anataka maziwa yake ya jioni yapokelewe, hata kama transfoma itakaa kitandani kwa Gatimu. Akaongeza kuwa kahawa si mti wa kuchezea. Nikamwambia uhandisi si jambo la kila mtu.

Jumatano, 5 Aprili

Tatizo dogo. Mwenye kitalu cha miche hapa karibu ni mmoja tu. Gatimu.

Nikaenda kwa ujanja. Nikasema nataka miche themanini kwa kumbukumbu ya marehemu baba. Hakushuku kitu! Alinisaidia hata kuibeba, akaona ninapoitua, akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu asiyeelewa. Kisha akanishauri nimwite bwana shamba Gicheru aiandike yote kwenye kitabu chake, mtu asije akanidhulumu.

Maskini Gatimu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumamosi, 8 Aprili

Mashimo themanini, kila moja futi mbili kwa mbili. Mgongo si wangu tena. Lakini shamba! Mistari imenyooka kama askari siku ya gwaride. Mvua ilinyesha alasiri, nikaona Mungu ameafiki.

Gicheru alifika kwa pikipiki. Akauliza kibali cha kupanda, maana kupanda kahawa bila kibali ni kosa. Nikatoa cha marehemu baba: miti mia moja. Themanini ilikufa kwa ugonjwa, ishirini iko bado nyuma ya nyumba. Pengo la themanini kamili! Gicheru akaandika kila mche, akapiga muhuri, akanipa karatasi yangu. Alisema mambo mengi kuhusu sheria lakini mimi nilikuwa nautazama muhuri.

Wakonyo akauliza kama nimesoma nyuma ya karatasi. Nani husoma nyuma?

Alhamisi, 13 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Moffat alikuja saa nne na Landrova, ramani mkononi. Gicheru alikuja naye. Mimi nilikuwa nimevaa koti. Gatimu alikuwa na gambuti, anakata nepia yake, zile nyasi za ng'ombe, bila habari.

Moffat akasimama mbele ya kahawa yangu. Akaitazama mstari kwa mstari. Nikadhani imemgusa. Akauliza imekuwa hapa tangu lini. Nikajibu kwa fahari kwamba tangu wiki iliyopita. Akauliza kama imeandikishwa. Nikatoa karatasi. Akaigeuza, akasoma nyuma.

Akasema, "Mzee, mimi siwezi ng'oa kahawa. Hiyo ni kesi."

Kumbe kung'oa mche ulioandikishwa kunahitaji ruhusa ya Nairobi, na ruhusa huenda ikachukua miaka miwili. Transfoma tayari iko bandarini Mombasa. Nikasema basi nitang'oa mwenyewe, sasa hivi! Nikashika mche wa kwanza. Gicheru akapiga kelele kwamba kila mche una faini yake, na nikifika kumi nitalala ndani. Nikaurudisha, nikaushindilia udongo.

Ndipo Moffat akafungua ramani juu ya boneti. Palikuwa na alama ya penseli nyekundu. Kwenye shamba langu! Alilichagua tangu Januari, akaniambia, kwa sababu lilikuwa tambarare na halina kitu. Leo alikuja kunipa karatasi nitie sahihi tu.

Akauliza kama kuna mtu ana raba. Nilikuwa nayo mfukoni. Nikampa.

Akafuta. Akahesabu hatua arobaini kufuata ua, mpaka katikati ya nepia ya Gatimu, akachora upya. Naandika ukweli: nilitaka kulia.

Gatimu alinishika mkono. "Rika yangu," akasema, "hiyo kahawa yako iko na bahati. Imekataa kuhama." Alikuwa na uso wa mtu aliye kanisani. Sikuweza kujua kama anacheka.

Ijumaa, 14 Aprili

Nimeliangalia jambo hili upya, na hali si mbaya hata kidogo.

Nani mwingine hapa Mukurweini amewahi kuihamisha serikali? Ramani ilikuwa tayari! Penseli nyekundu! Na mtu mmoja, kwa miche themanini, ameisogeza hatua arobaini kamili. Kwa raba yake mwenyewe! Nimeyaeleza hayo hotelini mara tatu. Watu walicheka kwa heshima kubwa.

Nimemweleza na Wakonyo. Akasema, "Baba Wachuka, kitu umehamisha ni taa. Ilikuwa yetu, sasa ni ya Gatimu." Kisha akatoka kwenda kukamua.

Ijumaa, 17 Novemba 1978

Ufunguzi! Watu wote wa mtaa huu walikuwepo. Transfoma mpya imesimama kama fahali, inanguruma kwa chini. Moffat akavuta swichi. Tangi likawaka. Kinu kikawaka. Vyote viwili, kwa mara ya kwanza, na hakuna kilichozimika! Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Hiki ni kituo chetu, na hakuna kijiji cha Kagio wala cha Nyeri kitakachotucheka tena.

Wakonyo alifika saa kumi na moja jioni na mikebe miwili. Karani akapokea! Wakonyo akalipiga tangi kofi dogo, kama anavyompiga ng'ombe wake aliyetulia, akacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu arusi ya binti yetu Wachuka. Nilifurahi, sitaficha.

Kibao kimeandikwa KITUO CHA GATIMU kwa rangi nyeupe. Herufi ya pili imepinda. Nimemwonyesha kila mgeni.

Kabla ya kuondoka, Moffat akaniambia kuwa baada ya miaka mitatu zitakuja waya kubwa kutoka Nyeri, juu ya nguzo za chuma. Akanionyesha shamba langu la chini, lile la mtoni. "Pale pako wazi, Mzee. Pazuri sana. Acha hivyo tu."

Jumapili, 19 Novemba

Acha hivyo! Watu wa serikali husema kwa mafumbo. Akija akute nyasi, si Gatimu atanipita tena?

Kosa la kahawa nimeligundua: ilikuwa fupi mno. Leo baada ya ibada nimemchukua pasta tukashuka mtoni, nikampa nusu ya shamba la chini, bure. Kanisa la mawe! Msingi utachimbwa Jumatatu ya wiki ijayo.

Wakonyo akauliza ni nani atavunja kanisa ili apitishe waya. Nikamwambia hakuna, na hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Nimemsihi pasta mnara uwe mrefu, Moffat auone tangu barabarani.