Vijiko Vinne vya Baba Lorraine

Jumatatu, 3 Novemba

Wiki ya tatu tangu daktari anikate tumbo na kuliacha dogo kama ndizi. Kilo tisa zimekwenda. Suruali ya kazini naifunga kwa kamba.

Leo kliniki. Nzisa, yule binti wa lishe, umri wa Lorraine wangu, amenipa karatasi mbili. Mpango wa Kwanza: milo mitatu kwa siku, nusu kikombe kila mlo, katikati usiguse kitu. Mpango wa Pili: milo sita, vijiko vinne kila mlo. Vijiko vinne! Mimi, Phares Owiti, karani wa stoo miaka ishirini na sita, niliyekuwa namaliza ugali wa watu watatu na kuuliza kama kuna mwingine! Nichague mpango mmoja, nitie sahihi, nirudishe karatasi Ijumaa. Mipango yote miwili inakubaliana jambo moja: kwa sasa ni vyakula laini tu, vilivyopondwa. Nyama ngumu marufuku. Mshono bado mbichi.

Nimeapa. Safari hii sirudi nyuma. Aprili Lorraine anaolewa na Kyalo, kijana wa Kikamba, na nataka kumtoa mlangoni mwa kanisa hadi madhabahuni kwa miguu yangu, bila kusimama katikati kuhema. Mwaka jana nilikuwa nasimama mara mbili kutoka geti hadi mlango wa nyumba yetu hapa mtaani Jericho, Nairobi. Ndipo nilipokubali kisu.

Siri hii inajulikana na watu watatu: mimi, Rispa mke wangu, na Lorraine. Wengine wote wanajua nilipasuliwa ngiri. Ningefanyaje? Mwezi wa Mei nilisimama mbele ya akina baba kanisani nikasema mwanamume anayekatwa tumbo ili apungue ni mvivu, autawale mdomo wake. Wakapiga makofi. Binamu yangu Ooko alipiga kuliko wote, na Ooko hasahau kitu.

Jioni nimezisoma karatasi zote mara nne. Hakuna mpango unaonifaa. Nimeamua kutunga wangu mwenyewe. Mpango wa Tatu.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango wa Tatu umekamilika wakati wa uji. Hoja ni hii. Karatasi haikatazi nyama. Inakataza nyama ngumu. Kilichosagwa kinaruhusiwa. Sasa mutura ni nini? Ni nyama iliyokatwakatwa tayari, ikatiwa damu na viungo, ikafungwa ndani ya utumbo. Mchomaji amekwisha kufanya kazi yote. Ni chakula cha mgonjwa kabisa!

Saa kumi na moja nilikuwa kwa Wathome, pale anapochomea karibu na soko. Nikamwomba kipande cha ukubwa wa vijiko vinne. Akauliza, "Mzee, kwani umesota, huna pesa?" Nikamwambia ni maagizo ya hospitali. Akanikatia, akaongeza kachumbari ya bure kwa huruma.

Tonge la kwanza: raha. La pili: raha. La tatu lilisimama katikati ya kifua likakataa kwenda mbele. Jasho! Moyo mbio! Nikaketi juu ya kreti ya soda nimefumba macho, Wathome akiwaambia wateja wanipishe nipate hewa. Kisha yote matatu yakarudi yalikotoka, mbele ya watu wanaonijua.

Nyumbani nilimwambia Rispa ni malaria. Akanusa kola ya shati langu, akasema malaria ya siku hizi inanuka vitunguu. Akaketi kando yangu akaninywesha maji, kijiko baada ya kijiko.

Mpango haukuwa na kosa. Kosa ni pilipili.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa. Watu wa Kyalo wanakuja Jumamosi hii, si mwezi ujao. Baba yake, mzee Mativo, mchonga vinyago wa kule Wamunyu, yuko Nairobi kupeleka kazi yake dukani, na anataka kubisha hodi kabla hajarudi.

Habari yenyewe imeletwa na Ooko. Amejiteua kuwa msemaji wa ukoo. Aliketi kwenye kiti changu, akanitazama juu hadi chini, akauliza ni ngiri gani hii inayokausha mtu. "Omera, ndugu yangu, unaisha," akasema. Watu wa mtaa wanaulizana. Wageni wakinikuta hivi, halafu wanione nadokoadokoa chakula, watasema moja kati ya mawili: mwenye nyumba anakufa, au hataki binti yake aende Ukambani. Baba asiyekula na wakwe ameikataa ndoa. Huku akisema hayo alikula mlo wangu wa jioni, viazi vya kuponda vijiko vinne, akidhani ni mabaki.

Inaniuma kukubali, lakini amesema kweli. Baba yetu mkubwa aligusa tu ukingo wa sahani mbele ya wakwe zake, na harusi ile hatujaiona hadi leo. Lorraine ana miaka thelathini na moja. Anampenda Kyalo. Nisipokula namharibia ndoa. Nikila najiharibia tumbo.

Nimewaza tangu Ooko aondoke. Nimepata. Sinia! Wanaume wote tule kwenye sinia moja kama walivyokula babu zetu, kila mtu akimega upande wake. Nani atahesabu matonge ya nani? Mkono wangu utakwenda kwenye sinia na kurudi mdomoni, kwenye sinia na mdomoni, bila kitu ndani yake. Mila itaheshimiwa na mshono utapona. Penye nia pana njia.

Alhamisi, 6 Novemba

Mazoezi. Nimeketi mbele ya kioo cha kabati na sinia tupu magotini. Kumega, kufinyanga, kuchovya, kutia mdomoni, kutafuna. Kutafuna nimekuboresha sana. Nimeongeza kulamba kidole, kwa uhalisi.

Lorraine alipita akitoka kazini akanikuta katikati ya samaki wa kufikirika. Nikamweleza mbinu. Hakucheka. Akasema, "Dadi, si uwaambie tu ukweli? Babake Kyalo ni mtu poa." Nikamweleza juu ya heshima ya mwanamume na yale makofi ya mwezi wa Mei. Akasema hajali makofi wala sinia, yeye anachotaka ni kuniona Aprili nikiwa nimesimama. Akaushika ule mkono uliokuwa umebeba tonge la uongo.

Nilitaka kulia. Nikatafuna hewa badala yake. Rispa akasema kutoka jikoni kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwambia tafadhali asivuruge mazoezi.

Ijumaa, 7 Novemba

Kliniki. Nzisa akauliza nimechagua mpango gani. Nikamwambia nimechagua yote miwili. Mitatu na sita, jumla milo tisa.

Hakutabasamu. Alichukua kalamu akachora tumbo langu, kitu chembamba, na mstari mrefu wa mshono ubavuni. Akasema kitu kigumu kikipasua hapa, narudishwa chini ya kisu siku hiyo hiyo, na si kila anayerudishwa huamka. Alisema polepole, kwa adabu, akiniita mzee. Niliogopa, na naandika wazi kwamba niliogopa.

Nikatia sahihi Mpango wa Pili. Vijiko vinne, mara sita.

Nilipofika mlangoni nikageuka kuuliza kama kutafuna bila kumeza kunahesabiwa. Akataka kujua kwa nini. Nikasema ni swali la jumla tu.

Jumamosi, 8 Novemba

Wageni sita. Mzee Mativo ni mfupi, mkimya, vidole vina makovu ya tezo. Alinipa mkono kwa mikono miwili. Shangazi yake Kyalo, Bi Kaluki, alizikagua picha zote ukutani, akasimama sana mbele ya ile yangu ya zamani, kisha akanitazama mimi.

Rispa alikuwa amepika kuku wa kienyeji, samaki, mboga za managu, viazi vya kuponda na ugali mkubwa. Nikatangaza sinia. Mativo akafurahi, akasema siku hizi wazee wa Nairobi wamesahau kula pamoja. Tukazunguka. Mbinu ikafanya kazi! Nimehesabu matonge kumi na matatu, yote hewa. Nililamba kidole. Nikasema kuku ameiva. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote Jericho.

Ndipo Ooko akasimama. Msemaji! Akasema kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hilo linajulikana. Lakini leo, akasema, kwa ajili ya undugu mpya, mwenye nyumba alishwe firigisi na mkono wa mkwe wake. Mila hiyo sijapata kuisikia tangu nizaliwe. Aliitunga pale pale, akiwa na mafuta ya samaki kidevuni.

Wageni wakapiga vigelegele. Simu zikatolewa. Mativo akaichukua firigisi, akaipangusa mchuzi, akaileta mdomoni mwangu. Lorraine alikuwa mlangoni mwa jikoni akitikisa kichwa. Nikafungua mdomo.

Ikakaa juu ya ulimi. Ngumu. Ningeimeza, ule mstari wa Nzisa ungepasuka. Ningeitema, ningekuwa nimewatemea wakwe. Watu tisa walinitazama na hakuna aliyetafuna. Mativo akaniuliza kwa upole, "Mzee, iko sawa?"

Nikaitema mkononi.

Bi Kaluki akavuta mkoba wake kutoka chini ya kiti. Kyalo akainamisha kichwa. Ooko alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya kuanza hotuba, lakini Lorraine alimpita akaja akasimama kando yangu. Akasema, "Babangu hajakataa mtu. Alikatwa tumbo. Alikatwa ndio aweze kutembea na mimi kanisani."

Basi nikasema yote. Kwamba haikuwa ngiri. Hotuba ya Mei. Matonge kumi na matatu ya hewa. Nilisema firigisi ikiwa bado kiganjani, maana sikujua pa kuiweka. Nilipomaliza nilikuwa nalia, na sikujificha.

Mativo akauliza nimeruhusiwa kiasi gani. Nikamwambia vijiko vinne vya viazi. Akamwomba Rispa kijiko. Akasukuma sinia kando, akajipakulia viazi, kimoja, viwili, vitatu, vinne. Akasema mtu aliyejikata mwili kwa ajili ya binti yake amekwisha kuikubali ndoa kabla yeye hajabisha hodi. Akasema tena kwamba tangu sasa hakuna mtu wa kwake atakayekula kumpita mwenye nyumba, na kijiko kizunguke.

Kikazunguka. Watu wazima waliotoka mbali na njaa zao, kila mmoja vijiko vinne, mbele ya kuku ambaye hajaisha! Hakuna aliyenung'unika. Kilipomfikia Ooko akajaribu kusema yeye ni msemaji tu. Bi Kaluki aliuweka mkoba chini, akamhesabia vijiko vyake mwenyewe, na cha nne hakukijaza.

Tukala wote polepole. Nilitafuna kweli. Nilimeza kweli. Sijawahi kushiba namna hii.

Jumatatu, 10 Novemba

Jana kanisani kila mtu alijua. Kazi ya Ooko. Nilitegemea kicheko, lakini akina baba watatu walinivuta nyuma ya gari la mchungaji kuniuliza kwa minong'ono kama kisu kinauma. La kuvunda halina ubani, na kumbe halina ubaya pia.

Leo nimerudi kliniki kwa hiari yangu. Nikamsimulia Nzisa kila kitu, mutura pamoja na firigisi. Alifurahi mno. Akasema mgonjwa mkweli ndiye anayepona. Akanipa daftari dogo la kijani: kila mlo niuandike, nilichokula na kiasi chake, pamoja na uzito wa kila asubuhi, nimpelekee Jumatatu ijayo. Nilimwambia hana haja ya wasiwasi. Mimi ni mtu mpya. Uongo nimeuacha kwenye sinia.

Saa nane nilikuwa nyumbani. Nikaanza kazi mara moja, maana sipendi kuchelewesha mambo. Saa tisa na nusu nilikuwa nimelijaza daftari lote hadi Jumatatu ijayo. Milo sita, siku saba, vijiko vinne kila mlo. Jumatano nimejiandikia vijiko vitatu, kwa kuwa nilijizuia. Alhamisi nimetumia kalamu nyeusi ili ionekane ya kweli. Ijumaa nilipita dukani nikatamani keki, nikashinda. Kufikia Jumapili nimepungua kilo mbili na robo.

Nimelisoma upya kutoka mwanzo hadi mwisho na machozi yamenilengalenga. Wiki nzima sikuteleza hata mara moja! Rispa yuko kwa jirani. Mtu aliyejitawala namna hii siku saba mfululizo, nadhani anastahili chapati moja.